Uislamu na Miji ya Waswahili Kabla ya Wareno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Mogadishu hadi Sofala, kati ya karne ya 8 na mwaka 1505. Maswali ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa wanafunzi, wageni wanaotembelea magofu na watu wa pwani wanaotafuta asili yao. Msimamo unaoongoza majibu ni bora usemwe mapema. Uislamu haukushushwa kutoka majahazini ukiwa kitu kilichokamilika, watu wakaupokea wakiwa wamekaa kimya. Wenyeji waliuchukua, wakaujengea, wakabishana ndani yake, na wakautumia kuamua nani ni mtu wa mji na nani ana haki ya kutawala.

Uislamu ulifika lini pwani yetu?

Ushahidi wa zamani tulio nao wa wazi kabisa unatoka Shanga, kisiwani Pate. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi. Wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa mwishoni mwa karne ya 8, na mdogo kiasi kwamba watu wachache tu wangeweza kupanga safu ndani yake. Kibla yake haikuelekea Makka sawasawa. Kila ulipojengwa upya ulikuwa mkubwa zaidi, hadi ukafikia msikiti wa mawe ya matumbawe.

Jambo la kuzingatia ni mahali uliposimama: katikati ya mji, ndani ya ua, karibu na kisima. Wageni hawakuujenga pembeni kwa matumizi yao wenyewe. Uliwekwa kwenye kitovu cha mji wa Kiafrika, na kwa muda mrefu waliosali humo walikuwa sehemu tu ya wakazi. Kusilimu kwa miji hii kulichukua karne mbili tatu, hakukuwa tukio la siku moja.

Kwa hiyo watu walisilimu kwa ajili ya biashara?

Hili ndilo jibu linalotolewa shuleni, na lina ukweli wa nusu. Mfanyabiashara wa Siraf, bandari ya Uajemi, au Aden ya Yemen alihitaji mtu wa kumwaminia mali yake wakati akisubiri upepo ugeuke. Aliyeshika sheria ile ile ya mikataba, aliyeapa kwa Mungu yule yule na aliyeweza kushitakiwa mbele ya kadhi alikuwa mtu salama zaidi. Kusi na kaskazi ziliwalazimisha wageni kukaa miezi kadhaa, na wengi walioa pwani.

Lakini biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwapo kabla ya Mtume kuzaliwa. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanautaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na yanasema manahodha wa Kiarabu walikuwa wakioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Kama biashara peke yake ingetosha kubadili dini, watu wangefuata dini za wateja wao mapema zaidi. Nadhani tunapaswa kutazama zaidi ndani ya miji yenyewe. Mji wa pwani ulikuwa mkusanyiko wa koo, kila ukoo na mtaa wake na wazee wake. Msikiti wa Ijumaa uliwapa watu wa koo hizo mahali pamoja pa kukutana pasipo mali ya ukoo wowote. Khutba ilisomwa kwa wote. Ndoa, mirathi na deni vilipata mizani moja.

Washirazi walikuwa nani hasa?

Hapa ndipo watu hugombana, na wana sababu.

Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba mtawala wa Shiraz, mji wa Uajemi, na wanawe walisafiri kwa merikebu, kila mmoja akashuka mahali pake pwani. Ali bin al-Hasan alifika Kilwa. Kisiwa kilikuwa chini ya mtu wa bara asiyekuwa Mwislamu, naye akakubali kukiuza kwa nguo: kiasi cha nguo cha kukizunguka kisiwa chote. Ali akalipa, muuzaji akahamia bara.

Karibu kila mji wa pwani una hadithi yenye sura hii. Mgeni anatoka mbali, ana mali na dini, anapata ardhi kwa makubaliano na mwenyeji, na mara nyingi anaoa binti wa mwenyeji. Ukiisoma kama ripoti ya safari utaipinga kwa urahisi. Ukiisoma kama hati ya haki utaona ilivyofanya kazi: inaeleza kwa nini ukoo fulani unatawala, kwa nini watu wa bara wana haki ya kuheshimiwa lakini hawana haki ya kiti, na kwa nini Kilwa, Mafia na miji mingine ni ndugu.

Tena Tarehe yenyewe inakiri jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Ali alipofika, alikuta tayari kuna Mwislamu kisiwani pamoja na watoto wake, na msikiti. Kwa maneno ya wenyewe watu wa Kilwa, basi, Mshirazi hakuleta dini. Alileta nasaba.

Vipimo vya vinasaba vimesema nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, ikiwamo Manda, Mtwapa, Songo Mnara na Kilwa. Wengi wao walikuwa na asili mchanganyiko. Upande wa kike ulitoka hasa kwa mama wa Kiafrika, na upande wa kiume kwa sehemu kubwa ulitoka Uajemi, pamoja na mchango mdogo wa Bara Hindi. Mchanganyiko ulianza mnamo mwaka 1000. Asili ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500.

Wapo walioshangilia kwamba hadithi ya Shiraz imethibitishwa. Tuwe waangalifu. Waliozikwa karibu na misikiti mikubwa na kwenye makaburi ya mawe walikuwa hasa watu wa tabaka la juu, na wakulima na wavuvi wa kwenye nyumba za udongo na makuti hawamo kwa wingi katika hesabu hiyo. Vilevile, wageni wa Kiajemi walioa katika miji iliyokuwa imeshasimama na iliyokuwa na Waislamu tangu karne mbili nyuma. Watoto wao walilelewa na mama zao, wakasema lugha ya mama zao, na lugha hiyo ni ya Kibantu mpaka leo.

Dini ilibadilishaje utawala?

Tuanze na hali ya kabla. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyepita pwani hii kwa mara ya mwisho mwaka 916, anaeleza kwamba Wazanji, kama Waarabu walivyowaita watu weusi wa pwani hii, walimwona mfalme wao kama aliyechaguliwa kuwatawala kwa haki. Akipotoka na kudhulumu, walimuua na kuwanyima watoto wake urithi wa kiti. Haki ya kutawala, basi, ilikuwa na sharti kabla Uislamu haujaenea. Katika maandishi yale yale anakitaja kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi wanaamini ni Pemba, kilichokuwa chini ya Waislamu waliokuwa wakisema lugha ya Kizanji.

Karne mbili baadaye sauti ni nyingine. Ukutani mwa msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yamo maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe: Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan aliamuru ujenzi huo mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mkubwa wa mji sasa anajulikana kwa alichomjengea Mungu, na jina lake linasomwa na kila anayeingia kusali.

Kisha sarafu. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 lilifukuliwa fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri, la karne ya 11. Zile za fedha zilipigwa pwani, na kati ya majina yaliyomo ni Ali bin al-Hasan. Upande mmoja uliandikwa jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zilifanya vina. Fikiria mtu wa kawaida anayenunua mtama au samaki: mkononi mwake ana jina la mfalme na sifa za Mola vikiwa kitu kimoja. Vijijini hapakuwa na chombo kingine chenye kusambaza ujumbe kiasi hicho.

Mwishoni mwa karne ya 13 kiti cha Kilwa kilichukuliwa na ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen na waliojulikana kwa usharifu, yaani kizazi cha Mtume. Nasaba ya Shiraz ilikuwa na uzito, lakini usharifu ulikuwa mzito zaidi, na hakuna mzee wa mji aliyeweza kuushinda kwa hoja ya ukale. Mtawala mashuhuri wa ukoo huu, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, alitoka Kilwa akiwa kijana kwenda hija na akakaa Aden miaka miwili akisoma. Nduguye Daud ndiye aliyemshikia kiti. Aliporudi alikuwa na vitu vitatu ambavyo kwa mtawala wa zama zile vilikuwa kama jeshi: elimu, hija na nasaba.

Chini yake Kilwa ilipata sura tunayoiona katika magofu. Msikiti Mkuu uliongezwa kwa matao na makuba. Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye birika la pembe nane, lilijengwa kwenye jabali juu ya bahari. Alipiga sarafu za dhahabu, ambazo tatu zinajulikana leo, na sarafu yake ya shaba imepatikana hadi Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara, kule dhahabu ya Sofala ilikotoka. Dhahabu hiyo ndiyo iliyolipia mawe na chokaa.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alimkuta mwaka 1331. Anasema sultani alipopata ngawira alitenga fungu la tano kama Qurani inavyoagiza na kuliweka hazina ya peke yake, na masharifu wakaja kutoka Iraq na Hijazi kupokea haki yao. Anasimulia pia fakiri kutoka Yemen aliyemwomba sultani nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mwana wa sultani akazikomboa kwa watumwa kumi, na sultani alipoona watu wanavyosifu tendo lile akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Baada ya kufa kwake Daud akatawala, naye akawaambia waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa.

Ukarimu huu ulikuwa siasa. Kila sharifu aliyerudi Makka na pembe ya ndovu aliitangaza Kilwa kuwa nchi ya Kiislamu, na sifa hiyo iliwarudia watu wa Kilwa kwa njia ya wafanyabiashara na wanazuoni.

Walifuata madhehebu gani?

Ibn Battuta aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakiwa Shafii, na pwani kwa jumla imebaki hivyo. Kabla ya hapo hali ilikuwa ya mchanganyiko zaidi, na zipo dalili za Ibadhi na za Shia katika karne za mwanzo. Ukaribu na Yemen tangu karne ya 13, kupitia wanazuoni na masharifu, ndio ulioipa Shafii nguvu.

Je, kusilimu kuliwafanya kuwa Waarabu?

Hapana. Ibn Battuta anasema wazi kwamba wengi wa watu wa Kilwa walikuwa Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Watu wenye chale walikuwa ndio raia wa mji ule aliousifu kwa uzuri na kwa uchamungu. Huko Mogadishu alimkuta mtawala aliyejua Kiarabu lakini aliyezungumza lugha ya kwao. Mjini Mombasa alivutiwa na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi mkubwa, na visima milangoni ambamo mtu aliteka maji akaosha miguu kabla ya kuingia. Kwa mtu wa pwani hilo halihitaji maelezo, kwa kuwa birika na kata vimo misikitini mpaka leo.

Tazama pia makaburi ya nguzo, kama yale ya Gedi, Kaole na Kunduchi. Nguzo ndefu ya mawe inasimama kaburini, na mara nyingi imepambwa kwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Hayakuigwa Arabuni. Gedi lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hawa walikuwa Waislamu waliojua namna yao wenyewe ya kuheshimu wafu, na hawakuona haja ya kuomba ruhusa.

Uungwana ulimfungia nani nje?

Wengi, na lazima tuseme. Utambulisho uliomwinua mwungwana, yaani mtu huru wa mji, katika nyumba yake ya mawe ulimshusha aliyeitwa mshenzi. Ngawira aliyoigawa sultani wa Kilwa kwa uaminifu mkubwa ilitokana na uvamizi dhidi ya watu wa bara, na watumwa waliotolewa zawadi katika kisa cha fakiri walikuwa binadamu walionyakuliwa makwao. Ibn Battuta anaviita vita hivyo jihadi na kumsifu sultani kwa uchaji. Waliovamiwa hawakuacha maandishi.

Mpaka huo hata hivyo ulivukwa kila siku. Mtu wa bara aliyehamia mjini, akasilimu, akaoa na kujenga, wajukuu wake waliweza kuhesabiwa waungwana. Chakula, pembe za ndovu na wake vilitoka bara, na mji uliogombana na majirani zake ulishinda na njaa.

Wanawake walikuwa na nafasi katika utawala?

Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kama malkia wa mwanzo wa mji, kabla ya Shehe Mvita kuanzisha nasaba ya Kiislamu. Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Mombasa, wanamkumbuka Shehe Mvita hadi sasa, na jina la Mwana Mkisi halikufutwa kando yake. Naona mapokeo hayo yamehifadhi kumbukumbu ya utawala wa kike uliopishana na utawala wa kisheikh. Nyumba za mawe nazo katika miji mingi zilipita kwa mabinti, na bwana harusi alihamia kwa mkewe. Sheria ya mirathi ya Kiislamu haikuivunja desturi hiyo.

Kama dini iliunganisha miji, mbona haikusimama pamoja dhidi ya Wareno?

Kwa sababu iliunganisha watu bila kuunganisha dola. Kila mji ulikuwa na msikiti wake wa Ijumaa, mtawala wake na fahari yake. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa ilimkabili kwa uhasama, na Malindi, iliyokuwa mshindani wa Mombasa, ikampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Watu wa miji yote miwili walikuwa Waislamu wa Shafii.

Kilwa nayo ilikuwa imechoka ndani kwa ndani. Katika karne ya 15 maamiri na mawaziri waliweka masultani na kuwaondoa. Mwaka 1502 da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi, na Ibrahim hakuwa wa nasaba ya kifalme. Haki ya kutawala iliyojengwa juu ya nasaba na uchaji kwa miaka 200 ilikuwa imepasuka kabla mizinga haijalia. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora, akajenga ngome na kumsimika Muhammad Ankoni, mtu mwingine asiye wa ukoo wa kifalme. Mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Ngome ya Kilwa Wareno waliiacha mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu haikurudi kama zamani.

Hali hii ilikuwa ya pwani peke yake?

La. Mansa Musa wa Mali alihiji mwaka 1324 kwa msafara wa dhahabu uliotajwa Cairo kwa miaka mingi, na ilikuwa miaka ile ile al-Hasan bin Sulaiman akitawala Kilwa. Ethiopia, Yekuno Amlak alichukua kiti mwaka 1270, na ukoo wake ulijinasibu na Mfalme Suleiman na Malkia wa Sheba. Wakristo wa nyanda za juu na Waislamu wa mwambao walifikia njia ileile: mtawala anapata uzito kwa kuunganishwa na nchi takatifu ya mbali.

Mambo haya yana uhai gani leo?

Mkubwa. Chama cha Afro-Shirazi kiliundwa Zanzibar mwaka 1957 kwa kuunganisha chama cha Waafrika na cha Washirazi, na jina lenyewe lilikuwa mapatano kuhusu nani ni mwenyeji. Makunduchi bado inasherehekea Mwaka Kogwa, unaofuata mwaka wa jua wa Kiajemi. Mtu anaposema leo kwamba yeye ni Mshirazi anadai uenyeji wa kale, haombi kuitwa mgeni. Anayemcheka kwa kumwambia aonyeshe ramani ya Shiraz hajaelewa anachoambiwa.

Naweza kuyaona magofu na maandishi haya wapi?

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko baada ya kupata kibali. Gedi, karibu na Watamu, imeingia Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mogadishu, msikiti wa Fakhr al-Din ni wa mwaka 1269. Kizimkazi unafikika kwa gari kutoka mjini Unguja. Jengo la sasa kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18, ila maandishi ya mwaka 1107 yapo karibu na mihrabu. Watu bado wanasali humo, kwa hiyo epuka kufika wakati wa sala, vaa kwa stara, na mwombe ruhusa mlinzi kabla ya kuingia.